Watoto Mbele ya Sanaa ya Kisasa: Niliyojifunza kwa Kuwasikiliza

Kwa miaka kadhaa sasa kazi yangu imekuwa kuwapokea watoto wanaokuja kutazama sanaa ya kisasa na kuzunguka nao ukumbini. Wengine huletwa na walimu wao, wengine huja na wazazi siku za mapumziko. Wapo wadogo ambao bado wanashikwa mkono, na wapo wakubwa ambao wameshaanza kuona haya kuulizwa jambo mbele ya wenzao. Kama kuna kitu nilichokipata katika kazi hii, ni kwamba mtoto hana haja ya kufundishwa kuipenda sanaa ya kisasa. Anataka muda wa kutosha wa kuitazama, na anataka mtu mzima atakayemshikilia kwamba lolote analolisema alionyeshe pale pale kwenye kazi yenyewe. Hilo la pili ndilo gumu, na ndilo ninalotaka kulieleza.

Watoto huanza kutazama kwa mwili. Mtu mzima akiingia ukumbini huenda kwanza kwenye kile kikaratasi cha maelezo ukutani, akasoma jina la msanii na mwaka, kisha ndipo anainua macho. Mtoto anachuchumaa. Analaza kichwa begani, anarudi kinyumenyume mpaka anamkanyaga mwenzake, anafumba jicho moja. Akikutana na sanamu ya chuma iliyopinda, naye anapinda mgongo. Walimu wengi hapo huanza kukemea ili watulie. Mimi huwaomba wawaache kwanza, maana mtoto aliyejipinda kama ile sanamu ameshajua uzito wake umelalia upande gani, na ukimuuliza atakuambia: "Huku ndiko inakotaka kuangukia." Hayo ni maelezo sahihi kabisa ya kazi ya mchongaji, na yametoka kwenye misuli ya mtoto kabla hayajapita kwenye maneno.

Maneno nayo yana njia yake. Mwanasaikolojia Abigail Housen na Philip Yenawine, aliyekuwa akisimamia elimu katika MoMA, jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa jijini New York, walitengeneza njia ya kuzungumza na watoto kuhusu picha ambayo leo inatumika katika nchi nyingi. Msingi wake ni maswali matatu mepesi. Kuna nini kinachoendelea kwenye picha hii? Unaona nini kinachokufanya useme hivyo? Tunaweza kuona nini kingine? Nilipoyasikia mara ya kwanza yalionekana madogo mno kubeba saa nzima. Lakini lile la katikati lina nguvu kubwa. Linamrudisha mtoto kwenye picha, linampa heshima ya kutaka sababu zake, na linawapa wenzake kitu cha kukubali au kukataa.

Nieleze mfano mmoja kwa kirefu. Nilikuwa nimekaa na watoto wa miaka minane hivi mbele ya mchoro wa kidhahania, mrefu kuliko mtu mzima: wekundu uliokolea, na juu yake mapande meusi yaliyopakwa kwa brashi pana, moja kila upande na moja chini. Hakuna mtu, hakuna nyumba, hakuna mti. Msichana mmoja akasema ni mlango. Nikamuuliza anaona nini kinachomfanya aseme ni mlango. Akasimama, akanyoosha kidole bila kugusa: "Hii nyeusi ni fremu yake. Na hapa katikati nyekundu imefifia, kwa hiyo kuna taa huko ndani."

Mvulana aliyekaa nyuma akamkatalia. Kwake lilikuwa dirisha, kwa sababu mlango unafika sakafuni na huu chini umezibwa na pande jeusi. "Huwezi kupita, utajikwaa." Wakabishana kwa adabu, kila mmoja akionyesha sehemu yake, na mimi kazi yangu ikawa kurudia wanachosema na kuelekeza mkono pale wanapopataja ili wote wapaone.

Kisha mtoto mwingine, ambaye tangu waingie alikuwa hajatia neno, akasema, "Mwalimu, rangi imechuruzika kwenda juu."

Wote wakasogea hadi kwenye ule mstari wa sakafuni ambao hauvukwi. Kweli: kutoka kwenye pande jeusi la chini kulikuwa na michirizi myembamba, kama nyuzi, inapanda kuelekea katikati na kuishia kwa vitone. Nilikuwa nimeupita mchoro huo mara nyingi na sikuwahi kuitilia maanani. Mmoja akasema maji hayapandi. Mwingine akasema labda mchoraji aliulaza sakafuni alipokuwa anachora. Akajibiwa papo hapo: ukilazwa chini rangi itatulia, haitachuruzika upande wowote. Msichana wa mlango akachukua daftari lake, akalishika wima, akashusha kidole kutoka juu kwenda chini, kisha akaligeuza juu chini. Kidole chake kikawa kinaelekea juu. "Aliugeuza," akasema. "Alipaka, rangi ikiwa bado mbichi ikachuruzika, halafu akaugeuza."

Maelezo ya ukutani hayakuwa na neno hata moja juu ya hilo. Watoto wa miaka minane walikuwa wamesoma, kwa macho yao na kwa hoja, jinsi kazi ilivyotengenezwa na kwamba mtu aliyeitengeneza alibadilisha mawazo katikati ya safari. Swali lililofuata lilikuja lenyewe: sasa sisi tunajuaje kwamba imetundikwa sawa? Nikawasimulia kisa cha Matisse, msanii wa Ufaransa. Mwaka 1961 jumba la MoMA lilitundika kazi yake ya karatasi zilizokatwa, inayoonyesha mashua na kivuli chake majini, ikiwa juu chini, na ikakaa hivyo siku 47 mpaka mtazamaji mmoja alipogundua na kusema. Nimewasimulia watu wazima kisa hicho, nao hucheka. Watoto wale hawakucheka hata kidogo. Walitaka kujua yule mtazamaji aliona nini kilichomfanya aseme hivyo.

Sasa lile la kushikilia. Kuna fikra iliyoenea kwamba mbele ya sanaa ya kisasa kila jibu la mtoto ni sahihi, kwa sababu eti sanaa hii haina jibu. Siikubali. Katika kundi lile lile mvulana mmoja alisema anaona simba. Nikamuuliza yuko wapi. Akatafuta, akasogea kushoto, akarudi, akasema, "Hapana, simba hayupo. Ila inatisha kidogo." Hakuna aliyemwambia amekosea; picha yenyewe ndiyo iliyomwambia. Na lile la kutisha alilolipata baada ya kumwacha simba aliweza kulitetea vizuri: weusi ulikuwa mkubwa kuliko wekundu na ulikuwa umeuzunguka. Mtoto anayeambiwa kila anachosema ni sawa hugundua upesi kwamba hakuna anayemsikiliza.

Ndiyo maana pia sitoi sifa ovyo. Ukimwambia mtoto mmoja "vizuri sana", wengine wote wanageuza nyuso kutoka kwenye picha na kukutazama wewe, wakitafuta jibu litakalowapatia sifa kama ile. Nikirudia maneno yake kwa uangalifu na kuuliza nani ameona jambo jingine, macho yanabaki ukutani. Tofauti hiyo utaiona ndani ya dakika chache, hata ukiwa umesimama mlangoni.

Lipo pia lile neno ambalo kila anayefanya kazi hii hulisikia: "Hata mimi naweza kuchora hivi." Kwa watoto wadogo silisikii sana, huanza kulisema wanapokaribia miaka tisa au kumi, na mara nyingi wamelisikia kwa mkubwa fulani. Nalichukulia kwa uzito wote, kwa sababu ni dai, na dai linaweza kujaribiwa. Huwa na karatasi na kalamu za nta kwenye mfuko. Nawaambia: haya, chora. Wanaanza kwa kasi, na baada ya muda kidogo mikono inapunguza mwendo. Mmoja analalamika kwamba duara lake linavutwa kwenye kona. Mwingine anasema akiweka njano pale, bluu "inakimbia". Hawajashindwa, wamekutana na kazi ya mchoraji, yaani wapi pa kuweka nini na wakati gani wa kuacha. Wakirudi kwenye picha ukutani wanaitazama kwa maswali ya mtu aliyejaribu.

Jambo hili limewahi kupimwa na watafiti. Mwaka 2011 Angelina Hawley-Dolan na Ellen Winner wa Boston College walichapisha utafiti ambao washiriki walionyeshwa picha mbilimbili: moja ya mchoraji mashuhuri wa kidhahania, nyingine ya mtoto au ya mnyama kama sokwe au tembo. Baadhi ya jozi hazikuwa na lebo, nyingine lebo zilibadilishwa makusudi. Washiriki walizichagua kazi za wasanii kuwa ndizo bora mara nyingi kuliko ambavyo ingetokea kwa kubahatisha tu, hata pale lebo zilipodanganya. Hawakupatia kila mara, ila jicho lilikuwa linaona kitu. Huwa nawaeleza watoto wakubwa utafiti huo, nao hupenda kujipima.

Upande wa pili wa neno lile nao una ukweli wake, na naona ni haki watoto waambiwe. Wasanii wengi wa kisasa walijifunza kwa watoto bila kuficha. Paul Klee alipoanza kuorodhesha kazi zake alitia ndani ya orodha hiyo baadhi ya michoro aliyoichora akiwa mtoto. Wassily Kandinsky na Gabriele Münter walikusanya michoro ya watoto. Mark Rothko, kabla jina lake halijajulikana kwa yale mapande makubwa ya rangi, alikuwa mwalimu wa sanaa wa watoto katika shule moja ya Brooklyn tangu 1929 hadi 1952. Mtoto akisikia kwamba mchoraji wa picha iliyo mbele yake alikuwa anashinda na watoto wa rika lake, hukaa tofauti kidogo.

Si kila kazi tunayoizungumzia iko ukutani mwetu. Nyingine nawaonyesha kwa nakala ya karatasi, na hapo tatizo ni ukubwa: kila kitu kwenye karatasi kinakuwa sawa na kiganja. Dawa niliyoipata ni mkanda wa gundi wa karatasi. Kabla ya kuitoa nakala ya Guernica ya Picasso, tunapima sakafuni mita 3.49 kwa mita 7.76 na kubandika mkanda kuzunguka. Watoto wanaingia ndani na kulala, kichwa kwa miguu, mpaka wanaelewa jinsi wengi wao wanavyoenea humo. Baada ya hapo ndipo tunaitazama nakala.

Siwaambii kwanza inahusu nini. Wanaanza kutaja: farasi, ng'ombe dume, taa, mtu aliyelala chini, mama aliyebeba mtoto. Wanaona upesi kwamba hakuna rangi isipokuwa nyeusi, nyeupe na kijivu. Halafu wanaanza kuona vidogo. Msichana mmoja aliona kwamba ulimi wa yule mama umechongoka mithili ya kisu, na baada ya kutafuta akaukuta ulimi wa farasi nao uko hivyo hivyo. Mwingine akalipata ua dogo kando ya mkono ulioshika upanga uliovunjika. Hapo ndipo huwaeleza kwamba tarehe 26 Aprili 1937, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, ndege za Ujerumani na Italia ziliupiga mabomu mji wa Guernica, na kwamba Picasso aliichora picha hii mwaka huo huo kwa ajili ya banda la Hispania katika maonyesho makubwa ya Paris.

Mtoto mmoja akaniuliza: "Ndege ziko wapi?"

Tukatafuta sote. Hazimo. Hakuna ndege, hakuna bomu, hakuna askari wa adui. Kuna waliopigwa tu. Nikawauliza kwa nini huenda mchoraji aliwaacha nje waliopiga, na majibu yalikuwa mengi na mazito. Mmoja alisema watu wale ndani ya nyumba hawakuziona ndege, walisikia tu kishindo. Mwingine alisema ukizichora ndege, watu wataangalia ndege. Nimekuwa nikilitafakari jibu hilo la pili kila ninapoitandika nakala ile. Watu wazima huniuliza kama si vibaya kuwaonyesha watoto picha ya namna hii. Kwa uzoefu wangu watoto wa miaka kumi wanaweza kuibeba, mradi wawe na mtu wa kukaa nao, waruhusiwe kuondoka wakitaka, na wasiachiwe tu na kuambiwa "haya, twende chumba kingine". Wa miaka mitano siwaonyeshi.

Kuhusu kugusa niseme machache tu. Amri ya "usiguse" bila sababu humfanya mtoto aitazame mikono yake badala ya picha. Mimi nina kipande cha kitambaa cha kuchorea, kimepakwa rangi nyeupe na kufunikwa nusu kwa plastiki. Kila kundi linaruhusiwa kugusa ile nusu iliyo wazi, na mikono yao ni safi kabisa. Baada ya makundi mengi nusu hiyo imekuwa na rangi ya majivu na kingo zake zinang'aa kwa mafuta ya ngozi, huku iliyofunikwa ikibaki nyeupe. Nainua plastiki, wanatazama, na mazungumzo yanaisha. Mwaka 2025 habari zilienea kwamba mtoto aliukwaruza mchoro wa Rothko huko Rotterdam, katika sehemu ya chini ambako rangi haikuwa na vanishi, yaani utando wa kuilinda. Watu wengi waliandika kwa hasira kwamba watoto wasiruhusiwe kuingia. Mimi naona mtoto aliyeelewa kwa nini uso wa rangi usio na vanishi ni dhaifu ni mlinzi mzuri kuliko kamba, na nimewaona wakiwazuia wazazi wao wenyewe wanaposogeza kidole karibu mno.

Watoto wakubwa wana ugumu wao. Wakifika miaka kumi, kumi na miwili, wengi wanaanza kupima picha kwa kipimo kimoja: inafanana na kitu chenyewe au haifanani? Wanakuwa wakali kwa michoro yao wenyewe pia, na wengine huacha kuchora kabisa katika umri huo. Kundi hili huwa nalipeleka kwenye nakala ya Mraba Mweusi wa mchoraji Malevich wa mwaka 1915, karibu sentimita 80 kila upande. Wananung'unika mwanzoni. Kisha nawapa rula. Wanagundua kwamba pande zake hazijanyooka, na kwamba weusi wake una nyufa, na ndani ya nyufa mnachungulia rangi nyingine. Nawaambia kwamba mwaka 2015 wataalamu wa jumba la Tretyakov mjini Moscow walitangaza kwamba vipimo vimeonyesha chini ya weusi ule picha nyingine mbili za rangi. Swali la "inafanana na nini?" linakaa pembeni kwa muda, wanaanza kuuliza ilifanywaje na kwa nini alifunika alichokuwa nacho. Si wote wanaoshawishika. Kijana mmoja aliniambia waziwazi kwamba bado haipendi, na akanipa sababu tatu, zote zikitoka kwenye picha. Nilifurahi sana siku hiyo.

Wapo pia watoto wasiosema. Siwalazimishi. Nawapa kadi iliyotobolewa tundu dogo la mraba, waiweke jichoni na kutafuta kipande kimoja cha picha wanachokitaka, kisha wakichore. Mvulana mmoja alichora kona ya chini ya mchoro mzima, pale ambapo rangi iliishia na kitambaa kikabaki wazi, na akazihesabu nyuzi za kitambaa. Mama yake alikuja kuniomba radhi kwamba mwanawe "hakushiriki". Nikamwonyesha ile karatasi.

Wazazi huniuliza wafanyeje wakija wenyewe. Kwanza, msipite kila chumba. Mimi kwa saa moja huchukua kazi tatu, na mara nyingi tunaishia mbili. Mwacheni mtoto achague ya kwanza, hata akichagua ile ambayo ninyi hamuipendi. Kikaratasi cha maelezo kisomwe baadaye, watoto wakishaona ya kwao, maana hapo kitakuwa kinajibu swali walilonalo tayari. Msiulize "umejifunza nini?" mnapotoka; ulizeni ni ipi angependa kurudi kuitazama. Na mtoto akichoka, akae chini. Sakafu ya ukumbi ni mahali pazuri pa kutazamia picha kubwa, na mambo mengi niliyoyaandika hapa niliambiwa na watoto waliokuwa wamekaa sakafuni.